Kiti cha Upande wa Mto

Jumamosi, 6 Septemba

Treni ya msimu imeanza tena leo, nami nimeanza daftari.

Daftari amenipa Mama mdogo Tatsue. Lilibaki kabatini tangu siku za shule, maana jiko letu la kupikia vyakula vya treni ndilo lililokuwa darasa la pili la shule ya Sugase, kabla watoto hawajatuishia. "Andika, we mtoto," ameniambia, "afadhali uandike kuliko kusemezana na masufuria." Mimi shule niliiacha tumbo likiwa kubwa, mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo zile herufi ngumu zenye mistari ishirini zinanishinda. Naandika kwa herufi za watoto. Si neno. Hata Suzu ataweza kusoma siku moja. Yuko darasa la kwanza sasa, herufi hizi anazijua.

Treni yenyewe, Yamabato, ina mabehewa matatu, rangi yake kama majani ya chai. Inapita Jumamosi na Jumapili tu, kuleta watu wa mjini waone mto na milima ikigeuka rangi. Hapa kwetu inasimama dakika nne kupisha treni ya kawaida inayoshuka, kwa kuwa reli ni moja. Milango haifunguliwi. Sisi tunajipanga jukwaani na kupunga mpaka iondoke.

Mzee Kumagai, ambaye alikuwa mkuu wa stesheni enzi stesheni ilipokuwa na mkuu, bado anavaa kofia yake na kuandika mahudhurio. "Mikono miwili!" anatupigia kelele. "Mkono mmoja ni wa kufukuzia nzi!"

"Mzee, huu mwingine nimeshikia kiuno," akasema Hamako, mwenzangu wa jikoni. "Nikiuachia, utaniokota relini."

Jumapili, 7 Septemba

Joto. Tumepunga. Watu kumi na wanne na mbwa mmoja.

Jumamosi, 13 Septemba

Kazi yangu jikoni ni mayai ya kukunja. Mama mdogo anasema mkono wangu mwepesi. Unamwaga yai jembamba, unalikunja, unamwaga jingine, unakunja tena, mpaka linakuwa kama gogo dogo la manjano, kisha unakata vipande. Kila chakula cha mkubwa vipande viwili, cha mtoto vitatu.

Nyumbani nilikuwa naliwekea ndani karatasi ya mwani, ukikata unaona mzunguko mweusi. Suzu aliliita yai konokono. Alipokuwa na miaka mitatu akawa na desturi ambayo hakuna aliyemfundisha: anakula vyote, kipande cha mwisho anakisogeza kwenye kona ya kisanduku, anakifunika kwa lile jani la mwanzi la kupambia, anasema, "Cha mama. Nimekifunika nzi wasikione." Hata siku ambazo mimi ndiye niliyempikia, na nimeshakula nimeshiba.

Imekuwa miaka miwili na miezi mitano.

Jumapili, 14 Septemba

Visanduku vya chakula ni vya mbao, si vya kutupa. Vinarudi jioni na treni ya kawaida, tunaviosha. Hamako anakung'uta mabaki kwenye ndoo ya kuku wake na kuwasema watu wa mjini. "Huyu kaacha uyoga. Huyu kaacha samaki kichwa kizima, kamwogopa macho."

Leo mama mmoja kijana alionekana dirishani akimpungisha mtoto wake mkono. Hamako akasema, akiniangalia kwa pembe ya jicho, "Angalau huyo anajua mwanawe alipo."

Mama mdogo akaweka sufuria chini kwa kishindo. Mimi nilikuwa naosha. Nikaendelea kuosha. Mdomo wa mwanamke yule ni kama mlango wa ghala, haufungi vizuri.

Jumatatu, 22 Septemba

Barua. Kutoka kwa Bi Nishiwaki, bibi yake Suzu.

Nimeisoma mara nane. Anaandika kwa kalamu ya wino, mistari imenyooka kama mpunga uliopandwa kwa kamba. Anasema baba yake Suzu anaoa mwezi ujao. Mke huyo atamchukua Suzu kwa karatasi awe mwanawe halali. Tarehe ishirini Novemba watahamia kaskazini, kisiwa cha juu kabisa, kazi ya baba iko huko. Suzu anafanyiwa sherehe yake ya miaka saba, na bibi anamtembeza kwa treni kama zawadi. Jumamosi, tarehe kumi na tano Novemba, Yamabato ya asubuhi. "Treni itasimama Sugase. Ukitaka kumwona, simama na wenzako. Mtoto hajaambiwa. Usimwite jina, usishike bango, usitukaribie. Chakula tutakula humo humo. Naomba uniahidi."

Sijui kama huu ni wema au ni ukatili uliofungwa kwa karatasi nzuri.

Niandike na hili, nisije nikasema sikuandika. Nilikuwa mgonjwa. Suzu alipofika miaka minne nilikuwa nalala mchana, naamka usiku, nalia nikiosha mchele. Bi Nishiwaki akaja na tabasamu akasema, "Nimchukue mwezi mmoja upumzike." Nikashukuru mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mwezi ukawa miwili. Kisha mume wangu akaleta karatasi ya kuachana. Hapa kwetu, mkikubaliana, hakuna hakimu. Mnajaza karatasi, mnapiga mihuri, mnaipeleka ofisi ya mji, basi. Kwenye karatasi palikuwa na nafasi ya kuandika mtoto atakuwa wa nani. Ilikuwa tayari imejazwa. Mimi niliona tu pale pa kupiga muhuri, nikauchovya kwenye wino, nikapiga. Nilipiga vizuri, hata wino haukutoka pembeni. Niliona aibu kusoma mbele yao polepole kwa kidole.

Muhuri ule bado ninao. Mdogo kama kipande cha chaki.

Jumanne, 23 Septemba

Nimejibu: Naahidi.

Maua mekundu ya makaburini yamechanua kando ya mashamba yote.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumepunga. Zimebaki Jumamosi saba. Nilimwuliza Mzee Kumagai kama wanaopungiwa huwa wanatuona kweli, au wanaona tu mikono.

"Wanaona mikono," akasema. "Kwani we unataka wakuone nini? Lakini nikwambie kitu. Ndani ya treni kila mtu hupunga. Awe mkali, awe mwizi, awe amegombana na mkewe asubuhi hiyo hiyo. Ukimpungia, atakupungia. Nimeangalia miaka kumi na moja."

Ilinifurahisha aliposema. Sasa nikiandika hainifurahishi sana. Kama kila mtu hupunga, nitajuaje?

Jumapili, 5 Oktoba

Tumeokota njugu kubwa za msituni za kupikia wali. Sote tulivaa kengele kiunoni kwa ajili ya dubu. Hamako alivaa tatu. "Dubu akinila atapata shinikizo la damu," akasema. Nilicheka kabla sijakumbuka kwamba sisemi naye.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tufani imepita usiku na mchana mzima. Redio ilisema tuhamie shuleni, tukahamia jikoni kwetu wenyewe, watu thelathini na kitu, tukalala kati ya masanduku ya karoti. Mvua haikuwa ya matone. Ilikuwa kama mtu amesimama juu ya paa na ndoo isiyoisha. Alfajiri tulisikia mlima. Sijui niuandikeje mlio ule. Kama mtu mkubwa anayegeuka kitandani.

Mzee Kumagai alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo ni karibu na handaki."

Wa kwanza kunigusa bega alikuwa Hamako.

Ijumaa, 10 Oktoba

Reli imezikwa. Mita arobaini za udongo na miti ya mierezi imelala juu yake kama njiti. Daraja letu la kamba la kuvukia ng'ambo ya mto limekwenda na maji. Hakuna aliyekufa. Nimewashukuru wote walio madhabahuni, hata wale ambao siwajui.

Hawasemi treni itarudi lini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hakuna treni.

Jumapili, 12 Oktoba

Hakuna treni. Mzee Kumagai alikuja jukwaani saa ile ile, akasimama dakika nne, akaandika mahudhurio: mmoja.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hakuna treni. Mji wa chini wanasema huenda mpaka mwaka ujao, huenda isirudi kamwe, maana njia hii watu wake wachache. Mama mdogo akamwambia aliyesema hivyo, "Kamwe ni neno la mtu asiye na kazi."

Nikamwandikia Bi Nishiwaki kumwuliza: reli isipofunguliwa, je, naweza kuja mimi mjini, nisimame mbali, ng'ambo ya barabara? Barua iko mfukoni. Sijaituma. Naogopa akisema hapana, na hiki kidogo kitaondoka.

Jumapili, 26 Oktoba

Mafundi wa reli wako thelathini. Kofia za chuma, matope mpaka magotini. Kila siku nawapelekea matonge ya wali. Leo mmoja, mwenye masharubu, aliniuliza, "Dada, wewe una duka kwenye hii reli au? Maana unatukimbiza kuliko bosi."

Nikasema, "Nina mgeni tarehe kumi na tano."

Akatazama udongo, akatazama tonge. Akasema, "Umeweka chumvi ya kutosha. Tutajitahidi."

Majani ya juu mlimani yameanza kuwa mekundu. Mekundu yasiyotazamwa na mtu.

Jumamosi, 1 Novemba

Hakuna treni. Lakini taa ya reli imewashwa kwa majaribio. Kijani. Nilisimama kuitazama mpaka miguu ikafa ganzi.

Alhamisi, 6 Novemba

Behewa moja tupu limepita polepole sana, kama mgonjwa anayefundishwa kutembea. Fundi mwenye masharubu alikuwa amening'inia mlangoni. Akanipungia kwa mikono yote miwili, karibu aanguke.

Jumamosi, 8 Novemba

Yamabato imerudi! Watu ishirini na wawili jukwaani. Mzee Kumagai kalia, kasema ni baridi. Barua niliyoiweka mfukoni nimeichoma jikoni, imechemsha angalau kijiko cha maji.

Siku saba.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo imekuja orodha ya vyakula vya Jumamosi. Kila kisanduku hufungwa kamba yenye kikaratasi cha namba ya kiti, ili wahudumu wasikosee. Kazi ya kuandika vikaratasi ni yangu, namba nazijua vizuri. Wakubwa hamsini na sita, watoto watatu. Nikaona: Nishiwaki, wawili, behewa la pili, mtoto kiti namba tisa, mkubwa namba kumi.

Nikaandika tisa. Nikaandika kumi. Mkono wangu ukasimama.

Tisa na kumi ni upande wa mto.

Miaka yote nimepunga nikaona vichwa, kofia, visogo, wachache wakigeuka. Sikuwahi kufikiri. Behewa la pili viti vyake vyote vimegeuzwa kuangalia mto, ndiyo fahari yake, ndiyo watu wanayoilipia. Migongo iko kwetu. Suzu atakaa dakika nne mbele yangu, na mimi nitaona kisogo chake.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya darasa la pili. Nikasema, "Amefanya kusudi. Yule bibi amechagua kusudi."

Mama mdogo akachukua orodha, akaisogeza mbali na macho kama anavyosoma. "Au alichagua viti vizuri kwa ajili ya mjukuu wake," akasema. "Watu hawafanyi yote kwa ajili ya kutuumiza sisi, Minori. Mengine huwa yanatuumiza tu."

Nilimchukia kwa dakika kama tano hivi.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Kumagai. Alikuwa anapiga pasi bendera zetu ndogo. Nikamweleza viti. Akaacha pasi juu ya kitambaa mpaka kikaanza kunuka.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Miaka kumi na moja nimewapangisha wazee wa watu jukwaani, tunapungia migongo ya behewa zima. Na mimi nilikuwa mtu wa reli!" Akajipiga kofi juu ya kofia yake.

Nikamwambia nataka kwenda ng'ambo, kwenye changarawe, pale mto unapopinda mkabala na stesheni. Akafikiri. Nikadhani atasema waende wote. Akasema, "Tukienda wote, utakuwa mkono mmoja kati ya mikono arobaini. Hatutakwenda. Sisi tutabaki huku na migongo yetu. Kule ng'ambo usimame peke yako."

Mama mdogo alinitolea kitu kabatini. Mbeleko yangu, ile nyekundu niliyombebea Suzu mpaka alipoanza kukataa. Ina doa la uji ambalo halikutoka. Lakini akaitazama, akatazama mlima dirishani, akasema, "Nyekundu kwenye wekundu. Nani ataiona?"

"Nitasimama kwenye mawe meupe, mbali na miti."

"Barua ilisema usishike bango."

"Mbeleko si bango."

Akavuta bakuli la uyoga. Halafu akasema bila kunitazama, akiwa anachambua uyoga, "Barua haikusema kitu juu ya mayai."

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika yote, hata kama mkono utauma.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa jikoni. Mayai ya wakubwa nilipika kwanza, kisha ya watoto wawili. Mwisho nikasafisha kikaango nikapika la kiti cha tisa. Sukari, mchuzi kidogo, karatasi ya mwani. Nikakunja mara sita. Mkunjo wa tatu ukapasuka, nikautengeneza. Nilipokata, mzunguko ukatokea. Konokono watatu. Nikawapanga kisandukuni, nikaweka jani la mwanzi, nikafunika, nikafunga kamba: 2–9. Mama mdogo akapakia visanduku garini akaenda navyo mji wa chini inakoanzia treni.

Ng'ambo ya mto, kwa kuwa daraja la kamba halipo, unazunguka kwa daraja la saruji, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilipotoka nikamkuta Hamako na gari lake dogo la shambani, injini inanguruma.

"Panda."

"Dada Hamako, nani kakwambia?"

"Panda, mwanamke! Unataka kuhojiana au unataka kumwona mwanao?" Njiani akapiga kelele juu ya mlio wa injini, macho kwenye barabara, "Lile neno nililosema Septemba. Mimi nilizaa mmoja, akafa wa siku tatu. Nikiona anayeweza kumwona wake na hamwoni, nyongo inanipanda. Ujinga wangu. Usijibu."

Nikaikunja mbeleko magotini.

Changarawe ilikuwa nyeupe na ukungu ulikuwa mweupe zaidi. Stesheni sikuiona kabisa. Nilisimama na mbeleko mikononi, nikasikia maji tu, nikasema moyoni, ondoka, ondoka, kama anayefukuza ng'ombe. Saa tano na robo ukapasuka juu, mlima ukaonekana kichwa, mwekundu. Kisha paa la stesheni. Kisha wazee wangu jukwaani, wadogo kama nafaka, kila mmoja amevaa nguo ya kanisa, kama tungekuwa na kanisa. Ukungu ulibaki juu ya maji tu, kimo cha goti.

Saa tano na dakika thelathini na nane ikatoka kwenye handaki.

Ikasimama. Behewa la pili. Nilihesabu madirisha kwa kidole: moja ni viti viwili, mbili, tatu, nne, la tano ni tisa na kumi. Mto si mpana pale. Nilimwona.

Amekuwa mrefu. Nywele zimefungwa juu na ua kubwa la kitambaa cha zambarau, wamemvalisha mavazi ya sherehe. Bi Nishiwaki kando yake, amezeeka. Suzu alikuwa anakula. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakula kwa makini kama alivyokuwa akila, kama mtu anayesoma.

Sikumwita. Nilikuwa nimeahidi. Nilifungua mbeleko nikainyanyua kwa mikono miwili, nikaipeperusha, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Jukwaani nyuma ya treni niliona mikono ya wazee ikipunga, ikipungia migongo ile, kwa nguvu kuliko siku zote, na hakuna aliyekuwa akiwaona isipokuwa mimi.

Mtu wa dirisha la pili akanionyesha kwa kidole, akapunga. Kisha wa tatu. Dirisha baada ya dirisha wakaanza kupunga, watu nisiowajua wote, wanacheka. Suzu akainua kichwa.

Akaniangalia.

Akaweka chini vijiti vyake, sawasawa, vyote viwili. Akainua mkono akapunga. Mkono mmoja, taratibu. Kama wanavyopunga wote.

Nikatafuta usoni mwake. Kutoka pale uso ni mdogo kama ukucha. Sikuona kicheko wala kilio. Alipunga, nami nikapunga, tukapunga, na treni ya kawaida ikapita kwa nyuma, na mimi najua maana yake: dakika nne zimekwisha.

Bi Nishiwaki hakuvuta pazia. Hilo nataka liandikwe. Treni ilipoanza kutembea, alisimama kutoka kitini, akaniinamia mpaka nikaona kichwa chake chote kilivyo cheupe, na alikuwa bado ameinama dirisha lilipoingia nyuma ya miti. Sijui alikuwa ananiomba nini. Kama ni msamaha, nilikuwa na mikono iliyojaa, sikuweza kumjibu.

Nilipunga mpaka behewa la mwisho. Halafu nikaendelea kidogo.

Hamako alikuwa kwenye gari amegeuza uso upande wa mwamba. "Alikujua?" akauliza.

"Alipunga."

"Nimekuuliza alikujua?"

"Dada Hamako, wote walipunga."

Akawasha injini.

Saa kumi na nusu jioni visanduku vikarudi. Nilisema nitaosha mimi, Mama mdogo akanikatalia, akanipa kiti na chai. Hamako akaanza kukung'uta mabaki ndooni kama kawaida, na kama kawaida akiwasema: huyu kaacha uyoga, huyu kaacha figili. Cha mtoto wa kwanza. Cha mtoto wa pili. Akafungua cha tatu, akainua kukikung'uta, akasimama. Mkono hewani.

"Minori," akasema. "Njoo uone hapa."

Kamba bado ilikuwa na kikaratasi: 2–9. Ndani kulikuwa kumekwisha kila kitu. Wali umekwisha mpaka punje, hata uyoga ambao hakuwa akiupenda. Kwenye kona kulikuwa na jani la mwanzi, limelazwa vizuri, limebanwa pembeni lisifunuke.

Sikuweza kulifunua. Hamako alilifunua kwa ncha ya kidole.

Konokono mmoja.

Mama mdogo alizima bomba. Nilikila kile kipande nimesimama, mimi na kile kisanduku, kwa vidole. Kilikuwa baridi na kitamu mno. Kumbe asubuhi nilipima sukari mara mbili.

Kisha nikakiosha. Nilikiosha mwenyewe, nikakikausha kwa kitambaa, nikakiweka juu ya vingine.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo wamepaa kwenda kaskazini. Nilitazama juu mara nyingi. Hakuna ndege zinazopita Sugase, najua. Nilitazama tu.

Theluji ya kwanza mlimani. Pale juu ni nyeupe, katikati nyekundu, chini bado kijani, kama mtu aliyevaa haraka.

Jumapili, 30 Novemba

Safari ya mwisho ya msimu. Baridi kali, tumekuja tisa tu. Mzee Kumagai ametugawa: watano jukwaani, wanne ng'ambo kwenye changarawe, na itakuwa hivyo kila mwaka kuanzia sasa, amesema, na asiyetaka kuvuka arudishe bendera. Hamako kasema yeye atavuka siku daraja litakapojengwa na atakapozaliwa upya akiwa bata.

Nilikuwa kundi la ng'ambo. Kwenye dirisha la tano alikaa mzee mwenye kamera, peke yake. Nikampungia kwa mikono miwili. Akaweka kamera chini akapunga.

Tuliporudi, Mzee Kumagai alikuwa anafunga daftari lake la mahudhurio. Akanipa nihakiki jina langu kabla halijapelekwa kabatini. Miaka yote liliandikwa Minori. Nikatafuta Minori juu mpaka chini, nisilione.

"Usipoteze muda," akasema, akielekeza kwa kidole chenye baridi. "Hapo. Mstari wa nne."

Alikuwa ameandika kwa herufi nyepesi, zile za watoto, ili nisome bila kukwama: Mama Suzu. Na mbele yake, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameshaandika: Yupo.